Kikoi Hakina Mfuko

Saa saba mchana, mwezi wa nane, nimesimama kwenye kituo cha mafuta katika mji mdogo uitwao Buffalo, kando ya barabara kuu ya I-45, nusu ya njia kutoka Dallas kwenda Houston. Joto ni digrii 100 kwa hesabu yao, 38 kwa hesabu ya walimwengu wengine. Funguo za gari nimeziuma kwa meno. Simu nimeibana kwapani. Mkono wa kulia una kadi ya benki, wa kushoto umeshika kikoi, maana upepo wa Texas hauna adabu na fundo nililifunga kwa haraka. Pampu inanitaka nibonyeze namba ya posta ya ninakoishi, tarakimu tano. Nibonyeze kwa kidole gani, pampu haisemi.

Nyuma yangu ikasimama pikapu kubwa kama nyumba ya vyumba viwili pale Ngamiani, Tanga. Akashuka mzee wa kofia pana, akaniuliza kwa upole kama nataka msaada. Nikajibu, lakini mtu mwenye funguo mdomoni hujibu kama mbuzi aliyebanwa na lango. Ikabidi nizitemee funguo juu ya boneti, nimtajie tarakimu, abonyeze yeye. Kwa hiyo sasa yupo mzee mmoja Texas anayejua namba yangu ya posta na rangi ya kikoi changu. Akakitazama hicho kikoi kwa makini, kuanzia kiunoni hadi kwenye matamvua.

"Hiyo ni kilti?"

"Hapana mzee, kikoi."

"Ahaa," akasema. "Na ule mfuko wa mbele umeuacha nyumbani?"

Alikuwa na maana ya sporani, ule mkoba wa ngozi ambao Waskoti huuning'iniza mbele ya kilti, chini kidogo ya kiuno. Nilikuwa nimeendesha gari zaidi ya saa mbili nikiwa nimenuna kwa sababu ya jambo hilohilo, na sasa hata mpita njia ameshalijua. Nikamshukuru, nikajaza tangi, nikarudi ndani ya gari nikiwa nimezidi kununa.

Ndani ya gari alikuwa mke wangu, kiyoyozi kinampuliza, mkoba wake uko mapajani. Huo mkoba ndio kiini cha kesi. Miaka kumi na minne ya ndoa, kila nikivaa kikoi, nimekuwa nikisema maneno mawili tu: "Nishikie hii." Naye ameshika: simu, pochi, miwani, tasbihi, kitana, risiti ya kurudishia bomba la kumwagilia maua, na mara moja kipande cha muhogo wa kukaanga nilichokuwa sijakimaliza. Kumbe hesabu ilikuwa inaandikwa. Siku hiyo tunatoka Fort Worth, mlangoni, akaning'ang'anizia vitu vyangu mkononi kimoja kimoja.

"Baba watoto," akasema, "mkoba huu si bandari ya Tanga. Kila meli itafute gati yake."

Nikajaribu kumwambia kwamba wanaume tumeumbwa na mifuko, ila hili vazi ndilo halina. Akaniuliza bibi yake alikuwa na mfuko gani. Bibi yake alifunga hela kwenye pindo la leso, akapiga fundo, akavuka nazo bahari kwenda Pemba na kurudi, na hakumwambia mwanamume yeyote amshikie. Sikuwa na jibu. Nikauma funguo, nikaenda garini.

Mtu atauliza: kwa nini usivae suruali, ukatuachia kelele? Huyo hajakaa Texas mwezi wa nane. Hapa Fort Worth, kule Stockyards, ng'ombe wenye pembe ndefu hupitishwa barabarani mara mbili kwa siku, saa tano na nusu asubuhi na saa kumi jioni, watalii wakapiga picha. Nimeenda mara nyingi, na kila mara nawaonea huruma wachungaji kuliko ng'ombe. Ng'ombe yuko uchi. Mchungaji yumo ndani ya jinzi ngumu kama bati, buti hadi kwenye muundi, shati la mikono mirefu, na tumboni ana bizimu ya mkanda pana kama kisahani cha chai. Hiyo bizimu ndiyo sporani ya Mtexas, nayo kama ujuavyo haibebi kitu. Ni ya kuonekana tu. Yeye vitu vyake viko kwenye mifuko ya nyuma ya jinzi, amevikalia.

Mimi nikitoka kazini navua suruali mlangoni, nafunga kikoi, hapo ndipo damu inaanza kutembea. Watu wameshanizoea, isipokuwa mama mmoja dukani aliyeniuliza kama mimi ni Mmasai. Ningekuwa Mmasai nisingekuwa na matatizo haya. Mmasai anayelinda lango Dar es Salaam hana mfuko hata mmoja kwenye lubega lake, lakini ana mkanda. Mkandani kuna sime, na kando ya sime kuna kifuko cha ngozi chenye simu. Umewahi kumwona Mmasai akiuma funguo? Na ajabu ni kwamba sime yenyewe hapa ingeruhusiwa. Tangu tarehe 1 Septemba 2017 sheria ya Texas inamruhusu mtu mzima kutembea na kisu kirefu kiunoni karibu kila mahali, ukitoa shule, mahakama na sehemu nyingine chache. Yaani naweza kuingia mtaani na upanga kama wa babu yangu wakati wa harusi, na hapana atakayenigusa. Ila funguo za gari sina pa kuziweka.

Sasa niwaeleze nilivyoijua sporani. Ghalani ninakofanya kazi kuna jamaa nitakayemwita Mskoti, ingawa amezaliwa Mesquite, baba yake kazaliwa Mesquite, na Uskoti wenyewe amekwenda mara moja, wiki moja, akanyeshewa siku zote saba. Siku za kazi ni mtu wa kawaida. Jumamosi anavaa kilti. Tulijuana siku aliponikuta nje ya nyumba yangu na kikoi, akapiga breki katikati ya barabara akafungua kioo, akanisalimu kwa furaha ya mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini.

Kilti ya kale ni mzigo. Ni sufu nzito, kama yadi nane hivi, mikunjo yote nyuma, imetengenezwa kwa ajili ya nchi yenye ukungu. Ukiivaa Dallas mwezi wa nane utaiva kama ndizi iliyofukiwa. Ndiyo maana wajanja wakaja na kilti za kisasa, za pamba, rangi moja. Kampuni ya Utilikilts ya Seattle ilianza kuziuza mwaka 2000, nayo ikafanya jambo ambalo mababu hawakulifikiria: ikashona mifuko. Mifuko mikubwa, ubavuni, ya kuingia nyundo. Mskoti anayo moja ya aina hiyo, rangi ya tope, mifuko yake inaweza kubeba mkate mzima na siagi. Na juu ya hiyo mifuko, mbele, ananing'iniza sporani ya ngozi yenye matamvua matatu na mnyororo.

Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: una mifuko miwili, huo mkoba ni wa nini?

Ndugu msomaji, usije ukamwuliza Mskoti swali hilo kama una haraka. Alianza mbali. Kwa Kigaeli, neno sporani maana yake ni mkoba tu, basi. Watu wa milimani walikuwa na nguo bila mfuko, wakabeba shayiri na vijisenti kwenye kifuko cha ngozi kilichofungwa kiunoni. Baadaye wanajeshi wakakikuza, wakakipamba kwa nywele za farasi zinazofika karibu na magoti. Wakubwa wakataka za ngozi ya sili kwa ajili ya karamu za usiku, na hizo mpya huwezi kuingia nazo Marekani, kwa kuwa sheria ya 1972 ya kulinda wanyama wa baharini inakataza. Ukipanda gari unaisukuma sporani ubavuni. Ukicheza ngoma, ubavuni. Ukipiga ngoma, ubavuni. Ukisimama tu, mbele.

"Kwa hiyo," nikasema, "kila ukitaka kufanya kitu cha maana unaiondoa njiani."

Hakucheka. Akasema faida yake ya kweli ni uzito: inaishikilia nguo upepo ukija. Hapo nilinyamaza, kwa sababu upepo ninaujua. Nikamwomba aifungue nione. Ndani mlikuwa na kidonge cha mafua, sarafu moja ya Uingereza, na lozi mbili. Funguo, simu na pochi vyote vilikuwa kwenye mifuko ya kilti.

Alinipeleka kwenye michezo ya Waskoti, wakati ule ilikuwa ikifanyika Arlington, uwanjani kwa chuo kikuu. Nilivaa kikoi cha buluu na fulana, nikapita langoni bila hata kutupiwa jicho; siku hiyo aliyeonekana kituko ni mtu wa suruali. Wanarusha magogo marefu kama nguzo za umeme. Nilidhani anayerusha mbali ndiye mshindi, kumbe hapana: gogo linatakiwa lipinduke juu chini na kuanguka limenyooka mbele ya mrushaji, kama mshale wa saa sita kamili. Likienda mbali lakini limepinda, umekula hasara. Nikaona hawa ni watu wa taratibu sana, na nikaacha kushangaa kwa nini mkoba unawagombanisha.

Maana walikuwa wanagombana. Chini ya hema la vinywaji kulikuwa na mzee wa sufu kamili, uso mwekundu, jasho linatiririka, ana sporani ya nywele nyeupe kama ndevu za sharifu. Yeye alishikilia kwamba kilti bila sporani ni sketi, na kilti yenye mifuko ni sketi ya fundi bomba. Kijana mmoja mwenye kilti nyeusi ya mifuko sita akamjibu kwamba kuvaa mkoba juu ya mifuko ni sawa na kufungua mwavuli ndani ya nyumba. Mskoti wangu akasimama katikati na vyote viwili, akachapwa na pande zote. Mzee akawakumbusha kwamba baada ya maasi ya 1745 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mavazi ya milimani kwa wanaume, kuanzia 1746 hadi 1782. Ukikamatwa nayo mara ya kwanza, miezi sita jela, mara ya pili unapelekwa ng'ambo miaka saba. Watu walifungwa kwa ajili ya nguo hii, akasema, na ninyi mnaishonea mifuko!

Nilitikisa kichwa kwa heshima, lakini moyoni niliona haya. Sisi hatukufungwa na mtu. Kikoi tulikiacha wenyewe, kwa hiari, kwa suruali ya mtumba.

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa nguo nisiye na upande. Kwenu mnaweka wapi vitu? Nikafungua mdomo kujibu, nikakuta neno lipo lakini kitu chenyewe sina. Neno ni kibindo.

Nani anakikumbuka kibindo? Babu yangu Pangani alikuwa nacho. Alikuwa akiifunga shuka yake, kisha upindo wa juu anauviringisha nje mara mbili, tatu, na katika ule mviringo anatia noti aliyoikunja hadi ikawa ndogo kama njugu, ugoro, na sindano ya kushonea nyavu. Anapanda mnazi nacho, anashuka nacho. Anaingia baharini hadi kiunoni, anatoka, noti ni kavu. Leo kibindo kimekufa, ila kwenye magazeti ya michezo ndiko kimegoma kuzikwa. Kila Jumatatu unasoma timu fulani imetia kibindoni pointi tatu, mshambuliaji fulani ametia kibindoni mamilioni. Mshambuliaji huyo amevaa bukta. Bukta ya mpira haina hata mfuko wa kuwekea kiberiti! Lakini mwandishi anaandika kibindoni, nasi tunasoma bila kuuliza ni kibindo kipi, kiko upande gani, na kimefungwa na nani.

Nikawaeleza Waskoti hayo kwa Kiingereza changu cha ghalani. Mzee wa sufu alifurahi sana, akasema hiyo ndiyo hekima, nguo yenyewe ndiyo mkoba. Akaniomba nimwoneshe. Nikaviringisha upindo, nikaingiza simu, nikapiga hatua nne. Hatua ya tano simu ilipita kwenye paja, ikagonga goti, ikaanguka kwenye nyasi za Arlington, na kikoi nacho kikaanza kuifuata. Nilikidaka kikiwa kimefika mahali ambapo sitapataja. Kibindo cha babu kilipimwa kwa noti na ugoro. Hakikupimwa kwa simu yenye uzito wa robo kilo kasoro kidogo.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo barabarani siku ile. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa mjomba wake mke wangu, mzee wa Kipemba aliyekaa Houston zaidi ya miaka thelathini. Binti yake alikuwa amemaliza chuo, mjomba akatuita kula, na kwenye simu alitoa amri moja: mje kipwani. Kwa mjomba amri ya kipwani haina tafsiri mbili. Ukienda na suruali atakuuliza kama umetoka benki kukopa.

Baada ya Buffalo tulipita Huntsville, na hapo, kando ya I-45, kuna sanamu nyeupe ya Sam Houston, yule ambaye mji umepewa jina lake. Ina urefu wa futi 67 bila kuhesabu msingi, kazi ya David Adickes, ilimalizika 1994. Amesimama na suti ya heshima, fimbo mkononi. Mimi nikipita pale huwa nacheka peke yangu. Mwaka 1818, huyuhuyu Houston, akiwa afisa wa serikali kwa Wacherokee, alikwenda Washington na ujumbe wao, akaingia kwa waziri wa vita John C. Calhoun akiwa amevaa kama Mcherokee, na blanketi lake. Waziri akamfokea kwamba hivyo sivyo afisa anavyokuja ofisini. Huyo ndiye mwenye mji! Nami naingia mji wake na kikoi, naona ninayo haki. Nilimweleza mke wangu hayo yote. Akaniuliza kama katika hilo blanketi Houston alikuwa na mahali pa kuweka funguo.

Kwa ajili ya neno hilo nilipitia Harwin Drive, hapohapo Houston, kabla ya kwenda kwa mjomba. Asiyeijua Harwin aikumbuke Kariakoo, kisha aondoe miguu ya watu aweke magari. Maduka yamepangana: manukato, saa, mikoba, mabegi ya safari, miwani. Nikaingia duka moja nikaeleza ninachotaka: kibegi cha kiunoni, cha mwanamume, kisichong'aa. Muuzaji akanitazama kikoi, akaniletea kwanza cha plastiki angavu, kila kitu kinaonekana ndani. Akasema hicho ndicho kinachokwenda sana, kwa sababu ya viwanja. Ni kweli: tangu 2013 ligi ya mpira wao wa Kimarekani hairuhusu mabegi uwanjani isipokuwa ya plastiki angavu, au kipochi kidogo kisichozidi inchi nne na nusu kwa sita na nusu. Kanuni ni hiyohiyo Arlington na Houston. Hebu fikiria sporani yenye nywele za farasi ikipimwa kwa rula langoni. Lakini mimi sikuwa nakwenda mpirani, nilikuwa nakwenda kwa Mpemba, na kwa Mpemba huendi na mfuko unaoonesha una dola ngapi. Nikachukua cheusi chenye zipu tatu, dola kumi na mbili.

Nilikifunga mbele, kama Mskoti. Nikajitazama kwenye kioo cha gari, nikasogeza ubavuni. Nikarudisha mbele. Lazima niseme ukweli: mikono miwili ikiwa huru mtu husimama vingine. Kifua kinatoka. Mke wangu alinitazama muda mrefu, akasema hana neno, na mwanamke akisema hana neno ujue analo, ila analiweka kwa ajili ya hadhara.

Hakuhitaji. Mjomba alikuwa barazani, msuli wake mweupe uliopigwa pasi, fulana nyeupe, kofia ya kiua. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia marahaba, akateremsha miwani, akaniangalia kiunoni.

"Mkwe," akasema, "vocha za elfu mbili unazo?"

Baraza zima likaanguka. Shemeji mmoja akataka chenji ya elfu kumi. Mwingine akauliza gari letu linapita Buguruni au linakata kona. Nilikaa na kibegi changu kama kondakta aliyefukuzwa kazi, nikala wali wa nazi na pweza bila kuinua uso. Na mjomba hakunyamaza. Baada ya kunawa alitoa mhadhara. Vijana mmeharibu vazi, akasema. Msuli ni vazi kamili, haukosi kitu. Ukiufungia mkanda na mkoba umeutukana. Sisi tulikuwa na vibindo, na mambo yote yalikaa humo. Akaingiza mkono kwenye upindo wa msuli, akatoa tasbihi. Akaingiza tena, akatoa simu, kubwa kuliko yangu. Akaingiza tena: funguo za gari na za nyumba, fungu zima. Kisha miwani ya kusomea. Kisha kitabu cha hundi! Kila kitu kikitoka baraza linaguna. Nami niliguna, kwa wivu. Nilimwona babu yangu mbele yangu. Nikamwomba mjomba anifundishe ule mviringo, maana kibindo changu kiliniaibisha mbele ya Waskoti. Akasema haufundishwi, ni kuzaliwa nao.

Tukahamia uani, kwenye mkeka, jua likiwa linazama. Houston, bustani zina mabomba ya kujimwagilia yaliyotegwa kwa saa, na hakuna anayekumbuka saa yenyewe imetegwa wapi. Ya mjomba ilikuwa imetegwa saa mbili kasorobo. Maji yalifumuka pande zote kwa pamoja. Watoto wakapiga kelele, shemeji akakimbia na sinia la kahawa, na mjomba, mzee wa miaka sabini na ushei, akaukamata msuli wake kwa mikono miwili, akaupandisha hadi juu ya mapaja, akaruka maua kama kijana.

Waskoti wanasema kuna swali moja wanaloulizwa kila siku ya Mungu: chini ya hiyo nguo kuna nini? Kwa mjomba sasa tunajua. Kulikuwa na kaptula ya kaki yenye mifuko sita. Miwili mbele, miwili nyuma, na miwili mapajani yenye vifuniko na vifungo, yote imetuna kama mashavu ya mtoto mwenye kashata. Na pale kwenye upindo wa msuli, mahali pa kibindo, alikuwa ameacha upenyo wa kupitisha mkono.

Aliposhusha msuli kila mtu alikuwa anatazama mahali pengine. Mke wangu alitazama mbinguni. Mjomba akakohoa, akajipangusa uso, akanijia pale nilipokuwa nimesimama, akaninong'oneza jina la duka na saizi.

Hukumu yangu basi ni hii, na Mskoti nimeshampelekea kwa maandishi. Nguo ikishonwa mifuko, mkoba wa juu uvuliwe. Lozi mbili na kidonge cha mafua haviwezi kutetea mnyororo ule. Nguo isiyo na mfuko ivaliwe na mkoba, mbele, bila kuomba radhi, isipokuwa mbele ya Mpemba. Na mwenye kaptula chini asitoe mhadhara.

Kaptula yangu nimenunua, ya kaki, mifuko sita. Kile kibegi cheusi kipo, kimevaliwa siku moja, zipu zote tatu zinafanya kazi. Anayekitaka aje akichukue hapa Fort Worth kwa dola kumi na mbili zilezile, sina faida. Ila asije amevaa kikoi kitupu, maana atakuwa hana pa kuziweka hizo dola.